Gemu likiwa tamu kibandani, kwa nini muvi yake huchacha?

Swali:

"Shikamoo kaka. Mimi na mdogo wangu tuko Mbagala, tumebishana mpaka mama akatutoa sebuleni. Mimi nasema muvi ya gemu iliyowahi kuwa nzuri ni moja tu, Mortal Kombat ya 1995. Nyingine zote ni kula hela za watu. Yeye anasema nimepitwa na wakati, siku hizi zinatoka kali kuliko hata muvi za kawaida. Nani yuko sahihi? Na kwa nini gemu linakuwa tamu kibandani, likifanywa muvi linachacha? Halafu hadithi zetu wenyewe, haziwezi kufanyiwa hivyo?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu 1995 uko sahihi. Kuhusu miaka hii ya karibuni mdogo wako anakuzidi, ingawa hilo la "kali kuliko muvi za kawaida" ametia chumvi. Ila swali lako la pili ndilo lenye uzito, maana likijibiwa vizuri ubishi wenu unakwisha wenyewe.

Tuanzie kibandani. Hali yake unaijua: benchi la mbao, televisheni ukutani, pedi ambazo mpira wa kidole gumba umeshalika, mwenye kibanda anakusanya hela kwa kila mechi, na anayefungwa anaachia pedi. Ukicheza Mortal Kombat pale, hakuna anayekuuliza Scorpion na Sub-Zero waligombania nini. Unachotaka ni kumvuta mwenzako kwa ile kamba, kumchapa, na kusikia watu wa nyuma wakipiga kelele. Utamu uko vidoleni, pamoja na hofu ya kunyang'anywa zamu. Hata anayetazama anafurahi kwa sababu naye anasubiri kushika. Sasa lichukue gemu hilohilo, ondoa pedi, mkalishe mtu kwenye kiti saa mbili. Umemwondolea kile hasa kilichomleta. Hapo mwongozaji anadaiwa: lazima amlipe mtazamaji kwa kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho hakimo ndani ya gemu. Inabidi akitafute. Kwa miaka mingi watengenezaji wa Hollywood walikuwa hawakitafuti, au walikuwa wanakitafuta kusikohusika.

Super Mario Bros. ya 1993 ni mfano wa kutafuta kusikohusika. Gemu ni la fundi bomba anayerukaruka juu ya vichwa vya maadui ili amwokoe binti mfalme, rangi zake za kitoto, muziki wake wa kuchangamsha. Waongozaji wakajenga mji wa giza wanamoishi watu waliotokana na dinosaria. Bob Hoskins, mwigizaji mzuri kabisa, aliyecheza kama Mario, baadaye alisema wazi kwamba ile ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Muvi iligharimu zaidi ya dola milioni 40, na kumbi za Marekani zikarudisha kama nusu yake. Aliyependa gemu hakuliona gemu lake, na asiyelijua hakuelewa anaonyeshwa nini.

Mwaka uliofuata ikaja Street Fighter, na hii ni lazima uwe uliiona, kwa sababu jina la Van Damme peke yake lilikuwa linajaza banda umiza lolote la mji huu. Lakini hebu fikiria walichofanya. Kila aliyeshika pedi anajua steringi wa gemu lile ni Ryu, na pembeni yake Ken. Muvi ikampa usteringi Guile, kwa kuwa Van Damme ndiye aliyekuwa jina la kuuzia tiketi, na Ryu na Ken wakageuzwa matapeli wadogo wanaouza silaha feki. Gemu linaitwa la wapiganaji wa mitaani, na muvi ikawa ya wanajeshi na mateka. Kilichobaki cha kutazama ni Raul Julia katika nafasi ya adui, M. Bison. Alikuwa mgonjwa tayari, akafariki Oktoba 1994, miezi miwili kabla muvi haijatoka, na bado kila sentensi aliitamka kwa heshima zote za mwigizaji wa jukwaani. Ukiirudia leo, mtazame yeye. Wengine waache wapite.

Sasa Mortal Kombat ya 1995, muvi yako. Iliongozwa na Paul W. S. Anderson kwa bajeti isiyozidi dola milioni 20 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 120 duniani. Unaipenda, na una sababu. Gemu lenyewe ni mashindano, na mashindano ni hadithi tayari: kuna mwanzo, kuna kutolewa mmoja mmoja, kuna fainali. Halafu kila mpiganaji akapewa kilichompeleka kisiwani. Liu Kang ana damu ya mdogo wake aliyeuawa na Shang Tsung. Sonya anamfukuza jambazi. Johnny Cage anataka watu waamini kwamba mapigano yake kwenye sinema si ya kuigiza. Mambo madogo, yanasemwa kwa dakika chache, lakini kuanzia hapo kila ngumi ina mwenyewe na ina deni. Watu wa Dar tulikuwa tumelelewa na muvi za karate zenye njia hiyohiyo: kisiwa, mwalimu, kisasi cha ndugu. Tuliipokea kama jirani aliyehamia na vyombo tunavyovijua.

Linganisha na Mortal Kombat ya 2021. Mapigano ni mazuri zaidi, damu ni nyingi zaidi (usiiweke sebuleni mama akiwepo), Scorpion amepewa mwanzo wenye uchungu wa kweli. Halafu wakaleta steringi mpya kabisa, Cole Young, ambaye hayumo kwenye gemu, na mashindano yenyewe hayafanyiki. Muvi nzima ni maandalizi. Mimi nilitoka nayo na njaa.

Hapa nataka nikukumbushe kitu tulichokuwa nacho mlangoni petu, na nadhani ndicho kipimo bora kuliko vyote kwa swali hili. Kwenye mabanda ya Manzese, Tandale na Temeke, na baadaye kwenye CD za Kariakoo, muvi za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani zilitufikia kupitia sauti ya mtafsiri: Lufufu, DJ Mack na wengine wa kizazi chao. Umewahi kukaa ukachunguza wanachofanya? Mtafsiri mzuri hakusomei kile ambacho macho yako yameshakiona. Hasemi "anakimbia" wakati jamaa anakimbia. Anakwambia anamkimbia nani, alimkosea nini mwaka juzi, na akikamatwa nyumbani kwake kutakuwaje. Mwigizaji akinyamaza, yeye anakupa alichokuwa anakiwaza. Anajaza pale ambapo picha peke yake haifiki kwa mtu wa hapa. Wapo waliokuwa wanawalaumu kwamba wanaongeza maneno yasiyokuwemo. Ni kweli waliongeza, na nyongeza hiyo ndiyo iliyofanya mzee asiyejua neno la Kiingereza atoke bandani akiisimulia muvi nzima kwa jirani.

Muvi mbovu za gemu zilifanya kinyume. Zilikuwa zinakusomea kile unachokiona. Chukua Doom ya 2005: karibu na mwisho kamera inageuka kuwa macho ya askari, bunduki imetokeza chini ya skrini kama ilivyo kwenye gemu, na anatembea akifyatua dakika kadhaa mfululizo. Waliifanya kwa ustadi mkubwa na kwa kulipenda gemu. Lakini kwenye gemu yale macho ni yangu, mimi ndiye ninayeamua kona ipi nikate. Kwenye kiti cha sinema ni kama kumtazama mtu mwingine akicheza huku ukijua pedi haitakufikia kamwe.

Miaka ile ya 2000 kulikuwa na sababu nyingine isiyohusu sanaa hata kidogo. Mjerumani Uwe Boll alitoa muvi za magemu moja baada ya nyingine, House of the Dead mwaka 2003, Alone in the Dark mwaka 2005, zikachekwa kila kona, na bado akapata fedha za inayofuata. Sheria ya kodi ya Ujerumani wakati ule ilimpa mwekezaji wa filamu nafuu kubwa, kwa hiyo muvi ilikuwa na faida kwake hata kabla mtu hajakata tiketi. Kwa Resident Evil nitakuwa mpole kidogo. Steringi wake Alice hayumo kwenye gemu, hadithi ilizidi kuparaganyika kila toleo, lakini zilitoka sita kati ya 2002 na 2016 na Milla Jovovich alizibeba zote mgongoni. Ni muvi za Jumapili jioni. Sizidharau.

Nini kilibadilika? Kwanza, wenye magemu waliingia jikoni. Baada ya aibu ya 1993, Nintendo walikaa muda mrefu bila kumkabidhi mtu Mario wao. Waliporudi mwaka 2023, Shigeru Miyamoto, aliyemwumba Mario mwenyewe, alikuwa mmoja wa wazalishaji, na The Super Mario Bros. Movie ikapita dola bilioni 1.3. Pili, watazamaji walipata sauti. Trela ya kwanza ya Sonic ilipotoka Aprili 2019, yule mnyama alikuwa na meno ya binadamu, watu wakashtuka na kulalamika mitandaoni, na ndani ya siku chache mwongozaji Jeff Fowler akatangaza kwamba atachorwa upya. Muvi ikasogezwa hadi Februari 2020, ikatoka na Sonic anayetambulika, na imeshazaa nyingine mbili. Tatu, na hili ndilo kubwa, waandishi wa leo wamekua na pedi mkononi. Hawaoni aibu na gemu, wala hawaliogopi. Wanajua kipi ni chake na kipi kinaweza kuachwa.

Mwambie mdogo wako ushahidi wake bora ni The Last of Us. Gemu lilitoka mwaka 2013, tamthilia ikaanza HBO Januari 2023, na Neil Druckmann aliyeliandika gemu alikaa meza moja na Craig Mazin, mwandishi mwenzake wa tamthilia. Kwenye gemu unaanza ukiwa Sarah, binti wa Joel, usiku, ndani ya nyumba, unamtafuta baba yako. Ni dakika chache tu, kisha balaa linaanza. Tamthilia ikarudi nyuma ikatupa siku nzima ya yule binti: chai ya asubuhi na baba, shule, safari ya kwenda kwa fundi kutengenezesha saa ya baba yake, kukaa kwa majirani wazee. Hakuna risasi hata moja. Aliyecheza gemu anajua kinachokuja usiku, kwa hiyo kila jambo dogo analofanya Sarah linamchoma, na asiyejua anazidi kumzoea. Mchezaji ukimpa pedi kwa siku nzima ya namna hiyo, dakika ya tano atatafuta ukuta wa kuruka. Mtazamaji aliyetulia ataikubali. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema kuhusu deni: umemwondolea pedi, ukamlipa kwa muda wa kumfahamu mtu.

Arcane nayo ilifanya hivyo kwa gemu ambalo ukiwa ndani ya mechi huoni hadithi yoyote. League of Legends ni watano kwa watano wanaobomoleana ngome. Mwaka 2021 Riot, wenye gemu hilo, pamoja na studio ya Fortiche ya Paris wakachukua wahusika wawili, Vi na Jinx, wakawafanya madada, wakawaweka kwenye mji wenye tabaka mbili: Piltover juu kwenye mwanga na mali, Zaun chini kwenye moshi na viwanda. Mtu wa Dar aliyewahi kutoka Manzese asubuhi kwenda kufanya kazi Masaki na kurudi jioni hahitaji kufafanuliwa chochote hapo. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya Emmy ya katuni bora. Mimi ndiyo ninayoiweka juu ya zote, na naiweka juu ya The Last of Us pia, kwa sababu ile ilianza na hadithi nzuri mkononi na hii ilianza na mikono karibu mitupu.

Utagundua kwamba zote mbili ni tamthilia. Si bahati. Gemu refu linaishi na wewe saa 15 au 20. Likibanwa ndani ya muvi ya saa mbili, kinachokatwa kwanza ni yale mazungumzo ya njiani ambayo ndiyo yaliyokufanya umpende mhusika. Fallout ya 2024 ni tamthilia pia, na ilifanya uamuzi mwingine wa busara: haikurudia hadithi ya gemu lolote, ilichukua dunia yake na sheria zake ikapanda watu wapya humo.

Lakini mdogo wako asijisahau. Borderlands ilitoka Agosti 2024 ikiwa na Cate Blanchett na Kevin Hart, ikagharimu zaidi ya dola milioni 100, na dunia nzima ikairudishia kama milioni 33. Ugonjwa wa 1993 haujaisha. Na A Minecraft Movie ya 2025 ilizoa zaidi ya milioni 900, watoto wakapiga makofi na kurusha bisi ukumbini, nami nikiitazama naona muvi nyepesi ambayo nusu ya raha yake wameileta watazamaji wenyewe kutoka nyumbani. Mauzo yanakuonyesha gemu lina wapenzi wangapi. Ubora wa muvi utaupima kwa kitu kingine.

Tuje kwetu. Swali lako la tatu uliliandika mwishoni kama la kupitia tu, ila mimi nalitaka kuliko yote.

Kiafrika, njia imeshaanza kukatwa. Cameroon, studio ya Kiro'o ilitoa gemu la Aurion mwaka 2016. Mwaka 2024 likatoka Tales of Kenzera: Zau, la Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye sauti ya Bayek kwenye gemu la Assassin's Creed Origins. Alilijenga kutokana na msiba wa baba yake: kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba. Na ukiingia kwenye mipangilio yake unaweza kulicheza lote kwa sauti za Kiswahili. Kumsikia mhusika wa gemu kubwa akisema "baba" kwa lugha uliyolelewa nayo ni jambo ambalo kizazi changu hakikulipata.

Sasa mchukue Fumo Liyongo. Umesoma utenzi wake shuleni, au umesimuliwa. Amefungwa gerezani Pate, anasubiri kuuawa. Mama yake anamletea chakula kila siku kwa mkono wa Saada, mjakazi wake, na walinzi wanakula kilicho kizuri. Liyongo anamtumia mama ujumbe ndani ya wimbo: aoke mkate wa wishwa, katikati aweke tupa ya kukatia chuma. Walinzi wanaudharau ule mkate, wanauachia upite. Halafu anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na matari na siwa zikiwa zimepamba moto yeye anakata minyororo, mlio wa tupa umezama ndani ya ngoma.

Tukio hilo ni gemu na ni muvi, na kila kimoja kinalichukua upande wake. Kwenye gemu wewe ni Liyongo. Unabonyeza kwa mapigo ya ngoma; ukikosea pigo, tupa inasikika, mlinzi anageuka. Mtu hata asiyejua Liyongo ni nani atalicheza kwa jasho. Kwenye muvi, tukio hilohilo la kukata minyororo likionyeshwa dakika tano litachosha. Muvi iende kwa mama: anapokea wimbo kutoka kwa Saada, anaurudia kimoyomoyo mpaka anauelewa, anakanda wishwa usiku huku hajui kama kesho mlinzi atakuwa na njaa kuliko kawaida. Kisha tumfuate Saada na sahani kichwani mpaka lango la gereza. Anayetengeneza muvi ya Liyongo kwa kufuata mapigano tu atarudia kosa lilelile la Hollywood, tena kwa hela kidogo zaidi.

Hela ndiyo kikwazo, sitakuficha. Lakini si lazima uanze na mashine ya milioni kadhaa sebuleni. Watu wengi wa mji huu gemu lao liko kwenye simu, wanacheza wakiwa kwenye mwendokasi, na tukio moja la ngoma na tupa linaenea kwenye simu ya kawaida bila shida. Kama una rafiki anayejua kuandika programu na mwingine anayechora, fanyeni hilo moja kwanza. Tafuteni mtu anayejua kupiga matari kweli mumrekodi, msichukue ngoma za kwenye kompyuta, kwa sababu mchezo wote umesimama juu ya mapigo hayo. Likikubalika mtaani, ndipo mfikirie muvi, na mkifika huko mtafuteni mtafsiri wa zamani wa banda umiza akae na mwandishi wenu kuanzia ukurasa wa kwanza.

Na kuhusu mdogo wako: mkaeni pamoja mtazame Mortal Kombat ya 1995 Jumamosi, kisha sehemu tatu za mwanzo za Arcane Jumapili. Sehemu ya tatu msiikatishe.